Sufuria Iliyopita Langoni

Nimestaafu na hasira yangu. Siku ya kuagwa nilipewa saa ya ukutani na maneno mazuri, saa nimeitundika sebuleni, maneno nimeyasahau. Hasira ndiyo niliyorudi nayo nyumbani nzima kama ilivyo. Kila nikisikia kijana wa upelelezi anasema "kesi imejimaliza yenyewe", inaamka. Kesi haijimalizi yenyewe. Kuna mtu kaimaliza, mara nyingi kwa uvivu, na kuna mtu mwingine analala sakafuni kwa sababu hiyo.

Nawaandikia nyinyi mnaoingia sasa. Kazi yangu ilikuwa kusimamia upelelezi wa makosa yanayotokea ndani ya kadeia, ndivyo tunavyoita gereza huku kwetu kaskazini ya Cabo Delgado. Mfungwa kapigwa, mfungwa kaibiwa, mfungwa kafa: mpelelezi anakwenda, anauliza, anaandika, halafu faili linaletwa kwangu kabla ya kwenda kwa prokuradori, yule mwendesha mashtaka. Nikiliona halina kichwa wala miguu, nalirudisha. Walinichukia kwa hilo, na mimi sikuwapenda kiasi hicho, kwa hiyo tulikuwa sawa.

Lazima niseme pia kwamba mimi ni mtu wa haya. Tangu sekondari nilikuwa yule wa kukaa dawati la nyuma, mwalimu akiniuliza jambo najua jibu lakini shingo inaingia ndani kama ya kobe. Niliyoshindwa kuyasema nilikuwa nayaandika nyumbani, na ndiyo tabia niliyobaki nayo mpaka uzee huu. Nilipopewa usimamizi watu walicheka. Msimamizi gani huyo hawezi hata kufoka? Lakini sikilizeni, haya ni chombo cha kazi. Ukikaa mbele ya mtu mwenye lake moyoni, ukanyamaza kwa sababu kweli hujui useme nini, yeye ndiye atakayeshindwa kuvumilia. Ataongea ili mradi chumba kisikae kimya. Wenzangu waliopiga meza walipata maungamo mengi, na mengi yalikuwa ya uongo.

Aliyenifundisha kazi, marehemu sasa, mtu wa bara huko kwenye mlima, alikuwa na neno moja tu: "Rehema, anza na lango." Hakuna kitu ndani ya kadeia ambacho hakikupita langoni, alikuwa akisema, na hakuna kinachopita langoni bila mlinzi kukiona. Nilidhani ni maneno ya uzee. Halafu ikaja ile kesi ya simu. Mfungwa anapiga simu kutoka ndani, hatujui simu imefichwa wapi. Nikaamuru mikate yote ya wageni ikatwe vipande. Tumekata mikate asubuhi nzima, kina mama wamekasirika, makombo kila mahali, kuku wa jirani wakaingia hadi ofisini. Na katikati ya kukata, simu ikalia. Ililia ndani ya buti ya mlinzi aliyekuwa ameshika kisu. Mwalimu wangu yule wa bara alicheka mpaka akatafuta kiti. Mimi sikucheka. Nilimlipa kila mama mkate wake, na lile neno likaniingia.

Siku hizi mna kamera. Nimeziona. Zinatazama ua, zinatazama sela, zinatazama mpaka choo. Moja tu niliona imegeuzwa kuangalia ukuta, nayo ndiyo ya langoni.

Sasa nije kwa Mwanasha, maana ndiye aliyenikalisha hapa kuandika.

Mumewe, Sumail, alikuwa ndani akingoja kesi ya mashine ya boti iliyoibwa. Kungoja kwenyewe mnakujua. Mwanasha alikuwa akimletea chakula kila Alhamisi, siku ya wageni. Hiyo Alhamisi alileta sufuria ya nyama ya nazi. Sela nzima ilikula. Kesho yake wakaanza kutapika, midomo inawaka, wengine hawaamki hata ukiwatikisa. Wengi walipona. Mmoja akafa, Mzee Bacar, mtu wa Mucojo, aliyekimbia vita na kufika huku bila kitambulisho, akawekwa ndani mpaka ijulikane yeye ni nani. Hakuna aliyekwenda kuuliza yeye ni nani. Kwenye ripoti ya kwanza hata jina lake halikuwamo, waliandika "mmoja wa wafungwa".

Mwanasha akakamatwa kwa kuua. Mpelelezi alikuwa Anselmo, kijana nadhifu, shati lake halikunjamani hata kwenye joto la Februari. Akaja kwa chefe wake, yaani mimi mkubwa wake, na faili kifuani.

"Chefe, hii imejimaliza yenyewe."

"Kaa, Anselmo."

"Sumail na marehemu waligombana. Mahali pa kulala pale karibu na dirisha, kila mtu anapataka. Sela nzima inasema. Baada ya wiki mke wa Sumail analeta nyama. Sumail anawagawia wenzake wote. Yeye hakugusa. Chefe, mtu hali chakula cha mke wake mwenyewe? Unataka nini zaidi?"

"Umemuuliza kwa nini hakula?"

"Kasema alikuwa amefunga." Akatabasamu. "Ramadhani ilikwisha zamani, chefe. Hata mimi mtu wa kanisani najua hilo."

Nilimwangalia. Amekaa pwani hii miaka, ananunua samaki kwa watu hawa, anacheza mpira na vijana wao, na hajui kwamba kuna watu hufunga Jumatatu na Alhamisi mwaka mzima kwa hiari yao. Hakujua, na hakumuuliza mtu hata mmoja. Angeuliza mlinzi yeyote, muuza maandazi yeyote nje ya ukuta, angejibiwa. Alikuwa tayari kumfunga mwanamke miaka ya maisha yake yote kwa sababu ya sunna asiyoijua.

"Na huyo Mzee Bacar," nikamwambia, "mbona yeye ndiye aliyekufa, na wengine wamepona?"

"Labda alikula nyingi."

"Kwa nini alikula nyingi?"

Nikalirudisha faili.

Nilikwenda mwenyewe. Sumail alikuwa amekonda, ananiangalia magoti.

"Mliombana radhi na Mzee Bacar?" nikamuuliza.

"Zamani, mama. Nilimpa lile dirisha. Alikuwa na kifua, anakohoa. Mimi nikahamia mlangoni."

"Na siku ya nyama?"

"Niliwaambia, jamani mimi nimefunga, kuleni, nibakizieni kidogo cha kufuturu. Hawakubakiza." Karibu acheke, akakumbuka. "Mzee hakuwa na meno. Tukamchagulia minofu laini yote yeye. Tulisema sisi vijana tutatafuna yenye mishipa."

Nilitoka nje nikasimama kwenye kivuli cha tangi la maji kwa muda. Wamemuua kwa heshima, nikasema moyoni. Wamemchagulia.

Wanawake hatuna mahali petu katika kadeia ile. Mwanasha aliwekwa katika stoo ya zamani ya magodoro, na mtoto wake anayenyonya, Shabani, amefungwa kwa leso mgongoni. Nikakaa chini kwenye mkeka naye. Nikanyamaza, kama kawaida yangu, lakini safari hii nilikutana na mwenzangu. Naye alinyamaza.

"Ilikuwa nyama ya nini?" nikauliza mwishowe.

"Nyama."

"Ya mbuzi?"

"Nyama tu, mama."

"Na wewe ulikula?"

"Nilikula nyumbani. Na hapa langoni nikaonjeshwa, si kanuni? Anayeleta aonje kwanza."

"Hukuumwa?"

"Midomo iliniwasha. Nikadhani pilipili."

Mtoto alikuwa kimya mno. Watoto wa umri ule wakiona mgeni hulia au hucheka, lazima wafanye kimoja. Yeye alilegea kama kitambaa. Nikaomba nimshike. Midomo imekauka, ulimi mweupe kama umepakwa chokaa.

"Tangu lini hanyonyi vizuri?"

"Tangu wiki ile. Wamesema malaria. Wamempa vidonge."

Hapo ndipo nilipojua. Mtu aliyekulia pwani hii, aliyekatazwa na bibi yake asiguse nyama ile akiwa ananyonyesha, angejua. Kasa. Wengi hula na hawapati kitu, halafu anatokea kasa mmoja, sijui kala nini huko chini baharini, na nyama yake ni sumu. Uchemshe, uchome, utie ndimu, haiondoki. Mama anaweza akala asipate ila muwasho, na maziwa yake yakamlaza mtoto. Zamani watu walikuwa wanampa paka kipande wakangoja kutwa nzima kabla ya kula wao. Siku hizi nani anangoja? Na kasa kuvua ni kosa, wanaomla wanamla haraka na madirisha yamefungwa.

Nikamwambia, "Mwanangu, usimnyonyeshe tena huyu. Nampeleka hospitali sasa hivi."

Alinikamata mkono. Alielewa kwamba nimeelewa.

"Mama, usiniulize ile nyama."

"Nisipoiandika utafungwa kwa kuua."

"Nikiitaja atafungwa aliyeivua." Alisema polepole, kama mtu aliyekwisha piga hesabu hiyo mara nyingi. "Nina watu wawili tu duniani. Mmoja yuko humu ndani, na mwingine ndiye anayetulisha. Ukimleta na yeye humu, mimi nitaleta nini siku ya Alhamisi? Na nitakipata wapi?"

Huyo mwingine alikuwa kaka yake, mvuvi wa Macaloe. Hakunitajia. Nilikuja kujua baadaye sana, na si yeye aliyeniambia.

Mtoto tulimpeleka hospitali. Muuguzi alimpa maziwa ya kopo na maji kwa kijiko, kidogo kidogo, na mimi nilirudi kadeia na swali moja. Ikiwa Mwanasha hawezi kusema, nani mwingine ameionja ile sufuria kabla haijaingia ndani?

Anza na lango.

Mnajua lango linavyofanya kazi, na kama hamjui, nendeni Alhamisi mkasimame kwenye foleni ya kina mama, msivae sare. Mama anafungua sufuria. Anaonja. Mlinzi anachovya kijiko, anatafuta kisu, simu, bangi. Hiyo ndiyo kanuni. Lakini baada ya kijiko kunatoka bakuli. Bakuli la mlinzi. Anachota chake, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba achote. Asipopenda ulicholeta, kisamvu, dagaa, ugali mkavu, atakwambia ngoja pembeni, na utangoja juani mpaka nazi ichachuke. Kina mama wanajua. Wanapika wakimfikiria yeye kwanza, mfungwa baadaye.

Nikawapanga walinzi wa zamu ile uani. Anselmo alikuja kutazama, amekunja mikono.

"Toeni ndimi," nikasema.

Mmoja akauliza, "Chefe, tumekuwa mbuzi wa mnadani?"

"Mbuzi wa mnadani analishwa na mwenyewe. Toa ulimi."

Wakacheka, wakatoa. Ndimi safi, nyingine za tambuu, nyingine za sigara. Wa mwisho alikuwa Abudo, mlinzi mkubwa wa langoni, mtu wa kelele, kila Alhamisi sauti yake unaisikia mpaka sokoni. Siku hizo alikuwa amefunga skafu usoni, anasema jino linamuuma.

"Jino, chefe."

"Nionyeshe hilo jino."

"Linatoa harufu, chefe, nakuheshimu."

"Nimelea watoto, Abudo. Fungua."

Akafungua. Ulimi mweupe, umechimbika vidonda pembeni, sawasawa na wale wafungwa niliowaona wamelazwa hospitali nilipompeleka mtoto. Wenzake wakaacha kucheka. Anselmo akasogea kuangalia, halafu akaangalia chini, na shati lake lilikuwa limelowa mgongoni.

Nikampeleka Abudo ofisini, nikafunga mlango, nikakaa. Sikumuuliza neno. Alikohoa. Akaangalia feni. Akasema jino tena. Nikamwangalia tu.

"Kipande kidogo, chefe," akasema mwishowe.

"Kabla haijaingia sela?"

"Kabla."

"Nani alionja kwanza?"

"Yeye mwenyewe, mbele yangu. Nilimwambia achote katikati, si juu. Akachota katikati."

"Alisita?"

"Hakusita."

"Na ulijua ni nyama gani?"

Hapo alinyamaza, na mimi nikanyamaza, na nilikuwa na uzoefu kumshinda.

"Nilijua, chefe. Mimi mtoto wa pwani."

"Ulijuaje kabla hujala?"

"Nilimwagiza mimi." Alisema akiitazama meza. "Nilimwambia kila siku dagaa, kila siku dagaa, wewe unatoka upande wa visiwani. Lete kasa siku moja, utakuwa unapita bila foleni. Mimi sikujua kama yule kasa ni mbaya. Wallahi sikujua."

Namwamini kwamba hakujua. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Hakuna aliyetaka kumuua Mzee Bacar. Mtu alitaka kula vizuri kuliko mshahara wake, kwa mikono ya mwanamke ambaye hana namna ya kukataa, na alipoona sela nzima inatapika na mzee anakata roho, na mwanamke yule anafungwa pingu na mtoto mgongoni, akajifunga skafu. Alikuwa na jibu mdomoni, kweli kabisa mdomoni, akalificha kwa kitambaa. Alimfungia hata Mwanasha mlango wa ile stoo. Ufunguo alikuwa nao yeye.

Niliandika maelezo yake yote. Nimeandika kwamba aliagiza kasa, kwamba mwanamke alikula nyumbani na akaonja langoni, kwamba mtoto kaumwa kupitia maziwa, kwamba Sumail alikuwa amefunga sunna. Sikuandika kasa amevuliwa na nani, kwa sababu sikuuliza, na sikuuliza kwa kusudi. Kesi yangu ilikuwa kifo na lango. Wanaolinda kasa wana ofisi yao na boti yao, watafute wenyewe.

Mkubwa wa kadeia akaniita. Chai ikaletwa, na biskuti, nikajua kuna jambo.

"Dona Rehema, mwanamke hana kosa, nimeelewa, namshukuru Mungu. Basi andika chakula kiliharibika. Joto. Inatosha. Mambo ya bakuli la mlinzi yanaingia humo kwa nini?"

"Kwa sababu ndiyo yaliyoua."

"Unataka kutuvua nguo mbele ya prokuradori?"

Niliona shingo yangu inaingia ndani kama pale dawati la nyuma. Nikasema, "Nguo mmezivua wenyewe, kila Alhamisi, mbele ya kina mama." Biskuti sikuzigusa.

Prokuradori alisoma faili, akamwachia huru Mwanasha. Mambo ya bakuli yakaondolewa humo, yakafunguliwa faili jingine, likapewa mtu mwingine, na mpaka nastaafu lilikuwa "linashughulikiwa". Abudo akahamishwa kadeia nyingine, kusini kidogo ya kwetu. Niliuliza wamemweka wapi huko. Wamemweka langoni.

Sasa mnaelewa kwa nini saa ya ukutani haikunituliza.

Shabani alipona. Mwanasha alikaa nyumbani kidogo, halafu akarudi kuleta chakula, maana Sumail bado alikuwa ndani akingoja kesi yake ya mashine. Nilikuwapo siku hiyo kwa jambo jingine, nimesimama kwenye kivuli cha tangi. Mlinzi mpya wa langoni alikuwa kijana, mpole wa sura, na tayari alikuwa na bakuli. Wanalirithi, sijui nani huwapa.

Mwanasha akaweka sufuria mezani. Kisamvu cha nazi. Mtoto mgongoni anavuta leso, anapiga makelele, nikafurahi kumsikia.

"Onja, dada," akasema kijana.

Mwanasha akachota katikati, akala, akameza, akafungua mdomo kumwonyesha. Kijana akachovya kijiko, akatafuta kisu, hakuna. Halafu mkono ukaenda kwenye bakuli.

"Ngoja," Mwanasha akasema. Hakupaza sauti. "Ukichota, ule hapa hapa, mbele yangu. Mimi niliwahi kuonja hapa, nikapona, akafa mtu. Kwa hiyo kuonja kwangu hakutoshi. Kula, tukae wote wawili mpaka kesho tuone."

Kijana akacheka kidogo. Akatazama kisamvu.

"Na yangu, mwanangu," akasema bibi aliyekuwa nyuma yake, akasukuma sufuria mbele. "Mchuzi wa pweza. Kula tu, usiogope, kama Mungu hajakuandikia."

"Yangu sijui ni samaki gani," akasema mwingine. "Nilinunua tayari amekatwa vipande."

Foleni nzima ikaanza kufunua vifuniko. Mvuke ukapanda, harufu ya nazi ikajaa lango zima, na kila mama anamwita mwanangu, kaka, njoo uonje. Hakuna aliyefoka. Kijana alishika bakuli kwa muda, halafu akaliweka chini ya meza, akalisukuma kwa mguu.

"Pitisheni," akasema.

Akafunika sufuria ya Mwanasha, akataka kuinyanyua kwa mkono mmoja kama walivyozoea kunyanyua zilizokwisha chotwa. Haikunyanyuka. Akaishika kwa mikono miwili.